Uzi: Walimvua Papa cheo, siku 38 baadaye wakamchoma padri aliyesema Papa anaweza kukosea

Kibatari

Wakuu salaam. Wenye haraka mpite tu, huu uzi ni mrefu na hauna picha.

Juzi kwenye mjadala wa Martin Luther kuna mtu aliandika kwamba Kanisa la zama zile lilichoma watu kwa sababu maaskofu hawakuwa na elimu na walichukia wenye elimu. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona nitaharibu uzi wa watu. Kuna kisa kimoja kinachoivuruga kabisa hoja hiyo, cha padri Jan Hus wa Praha (Bohemia, Ucheki ya leo), aliyechomwa moto Konstanz, mji wa kusini mwa Ujerumani, tarehe 6 Julai 1415. Waliomhukumu walikuwa wasomi wakubwa wa Ulaya nzima, na sehemu kubwa ya aliyoyasema wao wenyewe walikuwa wanayasema. Hapo ndipo panaponinyima usingizi.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 1378 Kanisa la Magharibi lilijikuta na Mapapa wawili, mmoja Roma, mwingine Avignon kule Ufaransa. Kila mmoja ana makardinali wake na wafalme wake, na kila mmoja kamtenga mwenzake na Kanisa pamoja na wafuasi wake. Yaani ukiwa mkulima wako huko kijijini umeshatengwa na Papa mmoja kabla hujaamka. Mwaka 1409 makardinali wa pande zote wakakutana Pisa, wakawavua wote wawili, wakachagua mpya. Wale wawili wakagoma kutoka. Wakawa watatu!

Wa mstari huo wa Pisa, kuanzia 1410, alikuwa Baldassare Cossa, akajiita Yohane XXIII. Ndiyo, jina na namba ileile ya yule Papa aliyechaguliwa 1958. Nitarudi hapo.

Sasa twende Praha. Chuo Kikuu pale kilianzishwa 1348, na mwaka 1391 walei wawili wa mjini walikuwa wamejenga kanisa liitwalo Bethlehemu kwa kazi moja tu: kuhubiri kwa Kicheki. Liliweza kubeba watu wapatao 3,000. Mwaka 1402 mahubiri pale alikabidhiwa Hus, padri kijana, mtoto wa watu wa kawaida kutoka kijiji cha Husinec. Jina lake maana yake ni bata bukini, na yeye na rafiki zake walilitania miaka yote.

Alihubiri nini? Kwamba vyeo vya Kanisa visinunuliwe, padri mwenye hawara hana haki ya kufoka madhabahuni, na Maandiko yako juu ya amri ya mkubwa yeyote. Sehemu ya mawazo hayo aliyapata kwa John Wycliffe, mwalimu wa Oxford aliyefariki 1384. Wanafunzi wa Kicheki walikwenda Uingereza, wakanakili vitabu vyake kwa mkono, wakarudi navyo begani.

Tarehe 16 Julai 1410 Askofu Mkuu wa Praha, Zbyněk Zajíc, akakusanya vitabu vya Wycliffe kama 200 na kuvichoma uani kwake, kengele zinalia. Msomaji wa leo anaona vitabu 200 ni sanduku moja. Kumbuka Gutenberg na mashine yake ya kuchapa vitabu bado. Kila kimoja pale ni miezi ya mtu kuinama na kalamu. Watu wa Praha wakamtungia askofu wimbo wa kejeli mitaani, kwamba Askofu A-B-C kachoma vitabu asivyojua vimeandikwa nini. Ilisemwa kwamba alijifunza kusoma akiwa tayari kwenye kiti.

(Kwa hiyo jamaa wa juzi si kwamba hakuwa na hoja hata kidogo. Zbyněk ni wako, mchukue. Lakini Zbyněk siye aliyemuua Hus.)

Naenda kufunga duka, narudi.

Ngedere Mstaafu

Nimeshakaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu usituachie arosto.

Wakili Kanjanja

Swali kabla hujaendelea. Nilishasikia huyu bwana alikuwa na barua ya mfalme ya kumlinda aende na kurudi. Ilikuwaje akakamatwa? Hiyo kesi ningeishinda nikiwa usingizini.

Kibatari

@Wakili Kanjanja usiharakishe, barua inakuja.

Mwaka 1412 Cossa alikuwa na vita na Mfalme Ladislaus wa Napoli, na vita vinataka hela. Akatangaza rehema, yaani kupunguziwa adhabu ya dhambi, kwa atakayechangia. Praha yakawekwa masanduku makanisani. Mfalme Wenceslaus wa Bohemia hakupinga, maana naye alikuwa na fungu lake. Hus akasimama akasema msamaha wa Mungu hauuzwi, na Papa hana mamlaka ya kuchukua upanga wala kuwalipa watu rehema ili waue Wakristo wenzao. Vijana watatu wakapinga mahubiri ya rehema kanisani, wakakamatwa, wakakatwa vichwa. Miili yao ikabebwa na umati hadi Bethlehemu.

Hapo akapoteza kinga ya mfalme. Roma ikamtenga, na mji wote ukawekewa zuio: Hus akiwepo hakuna misa wala mazishi ya Kikristo. Tarehe 18 Oktoba 1412 akakata rufaa, na safari hii hakukata kwa Papa wala kwa mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa. Alikata kwa Yesu Kristo mwenyewe, kwa maandishi rasmi, kama mtu anavyopeleka faili Mahakama ya Rufani. Sheria za Kanisa hazina mlango huo. Akaondoka mjini, akakaa vijijini kusini mwa Bohemia akiandika kitabu chake juu ya Kanisa.

Sasa barua. Mfalme Sigismund wa Ujerumani, mdogo wake Wenceslaus, ndiye aliyembana Cossa aitishe mtaguso Konstanz ili kumaliza biashara ya Mapapa watatu. Akamwalika Hus aje ajieleze. Hus aliondoka Bohemia tarehe 11 Oktoba 1414 barua ikiwa bado. Iliandikwa Speyer tarehe 18, yeye akafika Konstanz tarehe 3 Novemba, nayo ikamfuata nyuma. Alipanga kwa mjane mmoja, mtaa wa Mtakatifu Paulo. Tarehe 28 Novemba wakaja maaskofu wawili na wenzao, kwa upole, eti makardinali wanataka mazungumzo. Nyumba ilikuwa imeshazungukwa na askari. Hus akakubali kwenda. Aliposhuka ngazi, Hus alimkuta yule mama mwenye nyumba hapo chini akilia, akambariki, akatoka. Hakurudi tena.

Wakamfungia kwa Wadominiko, kisiwani ziwani, chumba kilichopakana na choo. Akaugua karibu ya kufa. Sigismund aliposikia aliwaka, akatishia kuondoka. Wakamjibu: ukitaka kumtoa, mtaguso unavunjika. Na ahadi aliyopewa mtu wa uzushi haiwezi kuizuia mahakama ya Kanisa. Akapima: upande mmoja padri mmoja wa Kicheki, upande wa pili heshima ya kuwa mfalme aliyeunganisha Kanisa. Akanyamaza. Kwa hiyo Wakili, kesi yako ungeishinda, ila hakimu ndiye mshtaki.

Sakristia

Kibatari unaandika vizuri lakini unawaonea watu. Mtaguso wa Konstanz ulimaliza farakano la karibu miaka 40. Tarehe 11 Novemba 1417 alichaguliwa Martin V na Kanisa likawa na Papa mmoja. Ungekuwa wewe una nyumba inaungua, ungekaa kubishana na mpangaji mmoja?

Na mafundisho ya Hus si mepesi hivyo. Alisema Kanisa ni jumla ya walioteuliwa na Mungu kuokoka. Nani anayewajua? Mimi simjui, wewe humjui. Kama paroko wangu hayumo kwenye orodha hiyo, ubatizo wangu ni halali au nimemwagiwa maji tu?

Kibatari

Sakristia, kaka, hoja yako ya pili ndiyo nzito kuliko zote na nimekuwa naisubiri. Juu ya ubatizo alijibu: sakramenti ya padri mwovu ni halali, ila yeye anajihukumu kwa kuitoa. Hapo ulikuwa salama. Lakini juu ya uongozi umemshika. Ukisema Papa mwenye dhambi ya mauti si kichwa cha kweli, nani atapima dhambi? Kila mtu mlangoni kwake? Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris, na Kardinali Pierre d'Ailly waliliona shimo hilo mara moja.

Ila tazama hao wawili walikuwa wanafanya nini muda uleule. Tarehe 20 Machi 1415 Cossa aliona mambo yanamgeukia, akatoroka mjini usiku amevaa kama mchunga farasi. Tarehe 6 Aprili mtaguso ukapitisha tamko kwamba mamlaka yake unayapata moja kwa moja kwa Kristo, na kila mtu lazima autii, hata mwenye cheo cha Papa. Tarehe 29 Mei wakamvua. Gerson na d'Ailly ndio waliokuwa wamejenga hoja hizo kwa miaka. Kwa hiyo Papa kuweza kukosea hawakuwa na shida nako. Walishaliandika, tena wamelipigia muhuri. Walichokataa ni padri mmoja kulisema peke yake, ameshika Biblia, bila kikao. Wazo lilikuwa moja, ugomvi ulikuwa nani ana kiti cha kulitamkia.

Na hii msiisahau: Cossa alipokamatwa alifungiwa ngome ya Gottlieben, nje kidogo ya Konstanz. Hus alikuwa ameshahamishiwa humohumo tangu Machi. Papa aliyemtenga na padri aliyetengwa, ukuta mmoja.

Fundi Saa

Hii ya Gottlieben imenimaliza 😂 Hawakusalimiana kweli?

Lakini mimi nilifundishwa Hus alikataa kwamba mkate unageuka Mwili wa Kristo.

Kibatari

Hapana, na hili ndilo lililomuua kwa kweli.

Wycliffe alisema mkate unabaki mkate. Hus hakusema hivyo hata siku moja, alikana mwanzo hadi mwisho. Alisikilizwa tarehe 5, 7 na 8 Juni katika ukumbi wa chakula wa Wafransisko. Siku ya kwanza kila akifungua mdomo walimzomea, ikabidi waahirishe. Asubuhi ya tarehe 7 jua lilipatwa, Konstanz ikawa giza, kisha wakaanza. D'Ailly akamtega kwa falsafa: wewe unaamini dhana za jumla zina uhalisi wake, sivyo? Basi "umkate" wa jumla utaachaje kubaki baada ya padri kutamka maneno? Hus akamjibu kwamba mkate huu mmoja umegeuka, hata kama dhana inaendelea kuishi kwenye mikate mingine. Jibu safi tu. Halikumsaidia.

Tarehe 8 alijimaliza mwenyewe. Sigismund alikuwa ameegemea dirishani akiongea na wakuu wa Ujerumani. Hus akasema si Papa tu, hata mfalme mwenye dhambi ya mauti si mfalme wa kweli mbele ya Mungu. Maaskofu wakapiga kelele: mwiteni mfalme asikie! Akaletwa, Hus akaambiwa rudia. Akarudia. Sigismund akamwambia hakuna mtu anayeishi bila dhambi. Mlinzi wa mwisho akawa amekwisha.

Alipotolewa pale, bwana mmoja wa Kicheki, Jan wa Chlum, akapenya akampa mkono. Hus aliandika baadaye kutoka gerezani jinsi mkono ule ulivyomfariji, wa mtu asiyeona haya kumsalimu mzushi aliyefungwa minyororo mbele ya wakubwa wote.

Sasa shida yenyewe. Walitaka aape kwamba anayakana makosa, na kwenye orodha kuna mambo ambayo hakuwahi kuyafundisha. Akasema: nikikana, ninaapa kwamba niliyaamini. Hicho ni kiapo cha uongo. Msomi mmoja akaja kumshauri gerezani kwamba Mtaguso ukimwambia ana jicho moja, wakati ana mawili, yampasa akubali ana moja. Hus akamjibu kwamba hata dunia nzima ikimwambia hivyo, yeye mwenye akili timamu hawezi kukiri bila kuiumiza dhamiri.

Hapo kwenye jicho moja mimi husimama kila nikisoma. Yule msomi hakuwa mkatili, alikuwa anajaribu kumwokoa. Kwake unyenyekevu mbele ya Kanisa ulikuwa mkubwa kuliko macho. Na mtaguso wenyewe ulikuwa umetoka kumwambia Papa kwamba macho yao yanaona kuliko yake.

Mama Tumaini

Tarehe 6 tusimulie, hata kama inauma.

Kibatari

Nitaipitia kwa kifupi, Mama.

Kanisa kuu, asubuhi, Sigismund kwenye kiti cha enzi. Mashtaka yakasomwa, moja likiwa kwamba Hus alijiita nafsi ya nne ya Utatu! Akauliza jina la shahidi, akakataliwa. Wakamvisha mavazi ya misa kisha wakamvua moja moja. Ilipofika kumharibia kipara cha kipadri, maaskofu wakabishana: wembe au mkasi? Hus akamgeukia mfalme akamwambia, tazama, hata jinsi ya kunidhalilisha hawajakubaliana. Mkasi ukashinda. Wakamvika kofia ya karatasi iliyochorwa mashetani watatu na neno la kumtaja mkuu wa wazushi.

Nje ya mji wakamfunga nguzoni kwa mnyororo wenye masizi, kuni na majani makavu hadi kidevuni. Walipoona uso umeelekea mashariki, wakamgeuza, kwa sababu mzushi hastahili kutazama huko. Wakampa nafasi ya mwisho ya kukana, akakataa. Nguo zake zikatupwa motoni, majivu yakamwagwa Rhine, ili Wacheki wasiondoke hata na kipande cha kuheshimu. Ulrich Richental, mwenyeji wa mji aliyeandika habari za mtaguso, anasema harufu ilikuwa kali mno kwa kuwa mahali pale palikuwa pamezikwa nyumbu wa kardinali mmoja. Mtu anakufa, mwandishi anakumbuka nyumbu. Namwamini zaidi kwa hilo.

Fundi Saa

Na yale maneno kwamba leo mnamchoma bata bukini, baada ya miaka mia atakuja bata maji msiyeweza kumchoma? Si ndiye Luther?

Kibatari

Luther mwenyewe ndiye aliyeyaeneza, aliandika hivyo mwaka 1531 na kujivika unabii. Mimi siutegemei. Kilicho wazi ni hiki: mwaka 1409, kabla ya haya yote, Mfalme Wenceslaus aliwapa Wacheki kura tatu Chuo Kikuu cha Praha, na mataifa mengine yote kwa pamoja moja tu. Walimu na wanafunzi wa Kijerumani wakasusa, wakaenda kuanzisha chuo Leipzig. Miaka 110 baadaye, mwaka 1519, mjini humohumo Leipzig, Johann Eck, msomi aliyelitetea Kanisa Katoliki, alimbana Luther kwenye mdahalo mpaka akasema baadhi ya makala za Hus zilizohukumiwa Konstanz ni za Kikristo kabisa. Eck hakuhitaji zaidi. Ukisema Konstanz ilikosea, umeshasema mtaguso nao unaweza kukosea, na hakuna kiti kilichobaki.

Mtoto wa Tukuyu

Sisi Wamoraviani tunamkumbuka Hus kila tarehe 6 Julai, na wengi humu hawajui uhusiano. Wafuasi wa Hus walipigana miaka mingi, na mwaka 1457 kikundi chao kilichokataa upanga kikaanzisha Umoja wa Ndugu kijijini Kunvald. Karne mbili na zaidi baadaye mabaki yao yaliyokuwa yamejificha Moravia yalikimbilia Saksonia, wakaanzisha Herrnhut mwaka 1722. Kutoka hapo ndipo walitoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Bibi yangu alikuwa akimtaja Yohana Hus kama mtu wa ukoo, mimi utotoni nikadhani ni Mnyakyusa.

Sakristia

😂 Hiyo ya bibi nimeipenda. Niongeze kwa haki: Yohane Paulo II, Desemba 1999, alieleza masikitiko makubwa kwa kifo cha kikatili alichopewa Hus. Hakufuta hukumu ya mafundisho, ila alisikitika wazi. Bado nasema farakano lilihitaji mkono mgumu.

Kibatari

Nakubaliana na nusu, Sakristia, na tuiache hapo tusije tukafikia mnyororo.

Ngedere Mstaafu

Mkuu umesahau ahadi. Yule Papa wa kwanza wa namba XXIII aliishia wapi? Au naye walimtia moto?

Kibatari

Hapana bwana. Alikaa kifungoni Ujerumani, akaachiliwa, akaenda kupiga magoti kwa Martin V, akarudishiwa ukardinali mwaka 1419. Akafa Desemba mwaka huohuo, Firenze. Rafiki zake akina Medici, matajiri wa benki wa mji huo, wakamjengea kaburi ndani ya nyumba ya ubatizo ya mji, kazi ya wachongaji Donatello na Michelozzo, sanamu yake ya shaba iliyotiwa dhahabu amelala juu. Wakaandika kwamba hapa yupo Yohane, aliyekuwa zamani Papa wa XXIII. Martin V alilalamikia neno hilo "aliyekuwa Papa", ila halikufutwa, lipo hadi leo. Namba ikabaki na utata hadi 1958, Kardinali Roncalli alipochagua jina hilohilo na kuhesabu kana kwamba Cossa hakuwahi kuwepo.

Kaburi linatazamwa bure ukishalipa kiingilio cha jengo. La Hus ni mto.